Kompyuta Uliyoiunga Mwenyewe Haiwaki: Pima Kwanza, Kuagiza Baadaye

Kompyuta uliyoiunga mwenyewe ikigoma kuwaka hapa Tabora, kinachouma zaidi si mashine kulala. Kinachouma ni kuagiza kipuri halafu ukakuta cha zamani hakikuwa kibovu. Mjini utapata RAM za mitumba, pawa saplai za kawaida na nyaya za kila aina. Ila mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye soketi ya prosesa unayoitaka, au prosesa ya kizazi kipya, mara nyingi itatoka Kariakoo, ipakiwe kwenye basi, nawe uifuate stendi. Ukibahatisha mara mbili umelipia mzigo mara mbili, na muuzaji wa Dar akishaambiwa "siyo hiki, kaka", simu yake huanza kutopatikana.

Kwa hiyo hapa tunapima kwa vitu vilivyopo nyumbani. Unahitaji bisibisi ya nyota, multimita ya bei ya chini, klipu ya karatasi, brashi laini, kifutio cha penseli na tochi ya simu. Simu hiyo hiyo itumie kupiga picha kila waya kabla hujauchomoa. Halafu shika sharti moja: badilisha kitu kimoja, washa, angalia, ndipo uguse kingine. Ukichomoa RAM, ukabadili waya na ukasogeza kadi ya picha kwa mkupuo, mashine ikiwaka hutajua ilichokuwa inaumwa, na ikigoma tena wiki ijayo utaanza moja.

Watu wengi huanza kuishuku prosesa kwa sababu ndiyo iliyokula hela nyingi. Prosesa huwa ya mwisho kwenye foleni. Kwenye mashine mpya, mkosaji mara nyingi ni waya ambao haukuzama vizuri, RAM iliyokaa upande, au monita iliyochomekwa pasipo pake. Kwenye mashine iliyokuwa inafanya kazi hadi jana, anza na umeme na pawa saplai.

Imegoma vipi?

Kijana mmoja wa Urambo alinipigia simu jioni.

"Shikamoo kaka. Kompyuta yangu imekufa."

"Marahaba. Imekufa vipi? Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka, na taa za rangi zote zinawaka. Ila monita inasema haipokei kitu."

Hiyo haijafa. Kompyuta inayozungusha feni na kompyuta iliyo kimya kabisa zina magonjwa tofauti, na ukimwambia fundi "imekufa" umemnyima nusu ya habari. Kabla hujafungua kava, amua mashine yako iko kundi gani: iko kimya kama hakuna umeme, inashtuka sekunde moja na kuzima, inaendelea kuzunguka bila picha, au inaleta picha lakini haifiki kwenye Windows. Kijana wa Urambo tutarudi kwake kwenye kundi la tatu.

Kimya kabisa

Anzia ukutani. Kuchomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ni jambo zuri, lakini chaja nyingi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo simu itachaji hata umeme ukiwa umeshuka vibaya. Chaja inakuambia umeme upo tu. Weka multimita kwenye AC, upande wa juu ya volti 250, upime soketi yenyewe. Umeme wetu ni volti 230. Kama saa moja usiku, majirani wanapopika na kupiga pasi, unasoma 170 au 180, basi pawa saplai iliyoandikwa 200–240 ina haki ya kugoma, na tatizo halimo ndani ya kompyuta. Pawa saplai bora zilizoandikwa 100–240 huvumilia hali hiyo.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake. Ifungue, itoe fyuzi, ipime kwa multimita kwenye alama ya mlio. Isipolia imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Usizungushie waya mwembamba wala karatasi ya sigara, hata kama mtaani ndivyo wanavyofanya. Siku ya hitilafu kitakachoungua ni mashine badala ya fyuzi. Ekstensheni nayo iruke kwa muda: chomeka kompyuta ukutani moja kwa moja. Ekstensheni zenye matundu yaliyolegea zimewafanya watu wengi wauze mashine nzima.

Nyuma ya pawa saplai kuna swichi. Upande wa I ni kuwasha, upande wa O ni kuzima. Unaweza kucheka, lakini angalia. Kwenye pawa saplai za zamani utakuta pia kitelezi chekundu kinachosoma 115 au 230. Kwetu kikae 230 siku zote. Ukikisogeza kwenye 115 na kuchomeka umeme, utasikia mlio na harufu, na hapo hakuna cha kupima tena.

Umeme ukiwa sawa, mtuhumiwa anayefuata ni kitufe cha mbele. Waya wake mwembamba unaingia kwenye pini ndogo za kona ya chini ya mazabodi, na maandishi ya pale hayasomeki bila tochi. Tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PWRBTN, chomoa waya wa kitufe, kisha ziguse zote mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, kitufe au waya wake ndio mbovu. Nimeona watu wakichukua waya wa kitufe cha kuanzisha upya, ule wa RESET, wakauweka hapo na maisha yakaendelea. Waya wa kitufe hauna chanya wala hasi, ila wa taa unao. Taa isipowaka geuza tu.

Bado kimya? Sasa ipime pawa saplai peke yake. Zima swichi yake ya nyuma na uchomoe plagi, kisha bonyeza kitufe cha kompyuta kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Chomoa nyaya zake zote kwenye mazabodi, kadi ya picha na diski. Kwenye plagi kubwa ya matundu 24 tafuta waya wa kijani, upo mmoja tu. Kunja klipu ya karatasi, ncha moja iingie kwenye tundu la kijani, nyingine kwenye tundu lolote la waya mweusi. Rudisha umeme, washa swichi. Feni ya pawa saplai ikizunguka, imeamka. Zipo aina zisizozungusha feni mpaka zipate joto, kwa hiyo pima volti badala ya kuitazama feni. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, usikisie tundu. Fuata mchoro wa kijitabu chake.

Multimita iwe kwenye DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6. Mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Wa zambarau unatakiwa kuwa na volti 5 wakati wote pawa saplai ikiwa na umeme, hata bila klipu. Usipokuwa nazo, hiyo imekufa na huna haja ya kuendelea. Kumbuka kwamba kipimo hiki kinafanyika bila mzigo. Pawa saplai dhaifu inaweza kusoma 12.1 ikiwa peke yake kisha ikaanguka hadi 10.8 kadi ya picha inapoanza kuvuta. Ukiipata mashine inayowaka na kuzima, pima njano na nyekundu kwenye plagi ya matundu manne ya Molex, ile ya diski za zamani, ikiwa inafanya kazi.

Halafu kuna mjusi. Usicheke. Mjusi kafiri hupenda joto, na mgongo wa pawa saplai usiku una joto. Huingia kupitia matundu ya feni, akagusa pasipo, akafa yeye pamoja na mashine. Mulika tochi kwenye matundu. Ukiona mkia uliokauka au alama nyeusi ya moshi, jibu limepatikana. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue kumtoa. Kapasita zake kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na hazisemi. Wapelekee wenye kazi hiyo, au ibadilishe.

Inashtuka, inazima

Feni zinaanza kuzunguka, zinasita, kimya. Mara nyingine inarudia yenyewe. Hapo mara nyingi pawa saplai imeona shoti mahali na imejizima ili isiungue. Inafanya kazi yake.

Kwenye mashine mpya, angalia vile vinguzo vya shaba vinavyoshikilia mazabodi ndani ya kava. Vinatakiwa kuwepo pale tu mazabodi ilipo na tundu la skrubu. Kimoja kikibaki mahali pasipo na tundu, kinagusa solda za mgongoni na ndiyo shoti yenyewe. Angalia pia skrubu iliyodondoka ikabanwa chini. Ukitikisa kava polepole utaisikia.

Njia ya kumaliza ubishi ni kuitoa mazabodi nje ya kava na kuiweka juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Juu ya boksi, si juu ya ule mfuko wa fedha iliyokuja nao, kwa sababu uso wa nje wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, RAM moja, plagi ya 24 na plagi ya prosesa. Diski, kadi ya picha, nyaya za USB za mbele, vyote pembeni. Gusa pini mbili za PWR_SW kwa bisibisi. Ikiwaka nje na ikagoma ndani, tatizo ni kava. Ikigoma hata nje, bado tunahangaika na pawa saplai, mazabodi, RAM au prosesa, na kila kimoja kitajaribiwa kwa zamu. Ikiwaka, rudisha kitu kimoja kimoja mpaka izime tena. Kilichorudishwa mwisho ndicho.

Miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu na vumbi la barabarani limetanda kila kitu, mwili unabeba chaji bila wewe kujua. Gusa chuma kisicho na rangi cha kava kila unapoanza kushika vipuri, na usifanye kazi hii juu ya zulia. Vumbi lisugue kwa brashi kavu, na ushikilie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza.

Inazunguka, haina picha

Hili ndilo kundi kubwa, na hapa ndipo alipokuwa kijana wa Urambo. Nilimuuliza waya wa HDMI ameuchomeka wapi. "Pale nyuma, juu, karibu na tundu za USB." Prosesa yake? i5-12400F. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel ina maana haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo tundu la HDMI la kwenye mazabodi ni pambo tu. Alihamisha waya kwenye kadi ya picha, chini kidogo, na Windows ikaja. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 nayo haina picha ndani, ila 5600G inayo. Ryzen 5 7600 inayo ya kawaida, 7500F haina. Ukiwa na kadi ya picha, waya uende kwenye kadi, bila kujali prosesa.

Usipopona hapo, angalia plagi ya prosesa. Ni ya pini nane, au nne pamoja na nne, inaingia kona ya juu ya mazabodi karibu na prosesa. Bila hiyo feni zote zitazunguka na taa zitapendeza, picha hutaiona. Usiichanganye na plagi ya kadi ya picha yenye pini sita na mbili. Zinafanana, lakini zimepangwa tofauti, na ukiona unatumia nguvu kuisukuma basi ni ile nyingine. Kadi ya picha yenye tundu lake la umeme nayo ilishwe. Kuipachika kwenye mazabodi peke yake hakuitoshi.

Kisha RAM, ambayo ndiyo nimekutana nayo kuliko kitu kingine chochote. Itoe yote. Chukua kipande kimoja, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli taratibu, pande zote mbili, ondoa chembe kwa brashi. Kipachike kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambalo mazabodi nyingi huliandika A2. Sukuma ncha zote mbili mpaka usikie mlio. Kwenye mazabodi zenye kibanio upande mmoja tu, upande usio na kibanio ndio unaobaki umening'inia nusu bila kuonekana, kwa hiyo uinamie uutazame kwa tochi. Washa. Haikuleta picha, jaribu kipande cha pili kwenye tundu hilohilo, kisha tundu jingine. Ukiwa na vipande viwili na matundu manne, makazi yao ya kudumu ni la pili na la nne.

Subira nayo ni kipimo. Mashine za AMD za soketi ya AM5 hutumia RAM za DDR5, na mara ya kwanza kuwashwa, au ukibadili RAM, hukaa zikiijaribu RAM kwa dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi. Watu huzima dakika ya pili, wakawasha, wakazima, na kila mara mashine inaanza upya. Iache hata robo saa kabla hujailaumu. Kama umeme wa mtaani unayumba, fanya hivyo ukiwa na UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika.

Mazabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo pembezoni zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Wakati wa kuwaka zinapita moja baada ya nyingine. Inayobaki imewaka ndiyo inayokuelekeza. DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya picha au waya wake. CPU isikutishe, kwani huweza kuwa plagi ya pini nane, au BIOS (programu ya kuamshia mashine iliyomo kwenye mazabodi) ya zamani isiyoijua prosesa mpya. Mfano: mazabodi ya B450 iliyokaa dukani tangu kabla ya Novemba 2020 haitaitambua Ryzen 5000 mpaka BIOS yake isasishwe, na B660 ya mwanzoni mwa 2022 itaikataa prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 kwa sababu hiyohiyo. Baadhi ya mazabodi zina kitufe cha nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi iliyoformatiwa FAT32, hata bila prosesa. Kama yako haina, tafuta mtu mwenye prosesa ya zamani ya soketi hiyo akuazime kwa nusu saa. Soda moja inatosha kumshukuru.

Kufuta kumbukumbu za BIOS ni rahisi na husaidia hasa baada ya kuchezea kasi ya RAM. Chomoa plagi ukutani, toa betri ya duara, CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Ukiwa umeitoa, ipime: mpya inakaribia au kuzidi kidogo volti 3. Ikiwa chini ya 2.5, nunua nyingine. Hizi zinapatikana hata kwa mafundi saa.

Hapo ndipo ufungue prosesa, siyo kabla. Kwa Intel za miaka hii na AMD za AM5, pini ziko kwenye soketi ya mazabodi. Mulika tochi kwa pembeni, safu zote ziakisi mwanga sawasawa, na moja iliyolala utaiona. Kwa AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na hatari yake ni wakati wa kutoa feni: grisi ikiwa imekauka, prosesa hung'oka pamoja nayo. Ikiwezekana iwashe kwanza ipate joto, kisha zungusha feni kushoto na kulia ndipo uinue.

Picha ipo, Windows haiji

Hapa umeshashinda vita kubwa. Bonyeza Delete au F2 mara tu inapowaka, uingie kwenye BIOS, uangalie kama diski inaonekana. Haionekani: badilisha waya wa SATA, ule unaounga diski na mazabodi, na tundu lake, na usome kijitabu, kwa sababu kwenye mazabodi nyingi ukiweka diski ya M.2, ile bapa inayopachikwa kwenye ubao, kwenye tundu fulani, matundu mawili ya SATA yanazimwa. Inaonekana lakini haianzi: angalia mpangilio wa kuanzia, au kama ni diski uliyotoa kwenye mashine ya zamani, huenda Windows yake iliwekwa kwa mtindo wa kale wa BIOS na ubao mpya unataka mtindo mpya, UEFI. Na kama diski ni mpya kabisa, haina Windows. Hilo nimeulizwa.

Ikizima yenyewe baada ya dakika chache, soma joto la prosesa humo humo kwenye BIOS. Likipanda bila kusimama hadi 90, toa feni uangalie ile plastiki ya kinga chini yake. Bado ipo, sivyo?

Ukishajua, ndipo uagize

Mtumie muuzaji picha ya kibandiko cha kipuri chako pamoja na jina kamili la mazabodi, lile lililochapwa kwenye ubao katikati, maana boksi huenda si lake. Kwa RAM sema DDR4 au DDR5, kwa prosesa sema soketi. Mwombe akiwashe akurekodie video kabla ya kukifunga, ukubaliane naye kwa maandishi siku za kurudisha, na umsisitize mazabodi isafiri na kifuniko cha soketi juu yake ndani ya boksi gumu, si kwenye mfuko wa rambo chini ya viti. Kikifika, kifungue mbele ya ofisi ya basi ukiwa unarekodi. Na kama kilichoharibu cha kwanza ni radi au umeme uliorudi kwa kishindo, usikichomeke kipya kwenye ekstensheni ileile. Kati ya Novemba na Aprili, mawingu yakijikusanya, chomoa plagi ukutani pamoja na waya wa intaneti, kwa kuwa radi huingia na huko, na utajua hivyo pale mashine inapowaka vizuri kabisa ila tundu la mtandao halishiki tena.